Blanketi Badala ya Maboksi ya Baba Yako

Somoe,

Kama umefungua sanduku lako kutafuta maboksi ya baba yako na badala yake umekuta blanketi, usipige kelele ukawaamsha wanafunzi wenzako. Ni mimi. Nimeyatoa kwa mikono yangu mwenyewe, na blanketi ulilolificha nyuma ya mtungi nimelirudisha mahali pake. Uzito nimeusawazisha kwa mche mzima wa sabuni, usije ukashtuka stendi ukaanza kupekua mbele ya watu.

Salamu sikuandikii. Salamu nitakupa kesho alfajiri penye basi. Nitatabasamu, nitakuombea dua, na majirani watasema mama Somoe ana moyo kweli. Hapa kwenye karatasi nina hasira. Kuandika nimejifunzia ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, wewe ukicheza chini ya dawati, na elimu niliyoipata kwa taabu vile siipotezi kwa kuandika sisi huku hatujambo. Sisi huku tuna jambo.

Hivi una akili gani, we mtoto? Unakwenda shule Njombe. Umezaliwa Mtaa wa Sikukuu, umelala miaka yote bila shuka, jasho likikutoka hata mwezi wa saba, na sasa unakwenda mahali ambapo watu wanaota moto mchana. Nimehangaika na hilo blanketi mwezi mzima. Nimepanga foleni duka la ushirika mara mbili nikaambiwa yamekwisha, mara ya tatu nikagombana na mwanamke aliyetaka kunipita, karibu tushikane. Halafu wewe unalitoa, unalitupa nyuma ya mtungi, ili upate nafasi ya maboksi manne ya sarafu ambazo hata hujui zikoje! Asubuhi ulipotoka kwenda kuvuka Magogoni kumuaga shangazi yako, nilifungua sanduku nikuwekee ubani kidogo. Nikayakuta yamepangwa chini kabisa, umeyafunika na nguo zako za ndani ukidhani nitaona haya kupekua. Mimi niliyekuogesha.

Juzi tu tulizungumza. Ulisema, "Mama, baba alisema ni yangu. Hayafunguliwi, na siyaachi." Nikakwambia yaache. Ukainamisha kichwa ukanyamaza, nami nikadhani umenisikia. Kumbe ulinyamaza kama baba yako. Yeye naye alikuwa akishaamua jambo haongei tena, unaongea wewe na ukuta.

Basi sasa sikiliza, kwa sababu habari ya maboksi haya unaijua upande mmoja tu, upande wa mtu aliyekupakata akakusimulia. Mimi sikukupakata nikakusimulia. Nilikuwa napika.

Baba yako alikuwa mtunza stoo, unajua. Lakini stoo haikuishia kazini, ilikuja naye nyumbani. Alipenda kitu kilichofungwa. Redio ile tuliisikiliza miaka ikiwa ndani ya nailoni yake, sauti kama ya mtu mwenye mafua. Vikombe vya chai alivyopewa na wenzake vimekaa kwenye majani makavu hadi leo, na wageni wakija tunaazima kwa jirani. Nikimuuliza anasema, "Mama Somoe, kitu kikiwa kwenye boksi lake hakina mjadala. Kikishafunguliwa, kila mtu ana neno." Nilikuwa nacheka. Nilimpenda, usidhani sikumpenda. Ningekuwa simpendi nisingekuwa na hasira hizi mpaka leo, mwaka wa tatu yuko kaburini.

Mwaka maboksi yalipoingia nyumbani nilikuwa nimecheza upatu na wanawake wa nyumba yetu na nyumba ya pili, na zamu yangu ilikuwa imefika. Nilishajua nanunua nini. Kulikuwa na mama mmoja wa Kihindi kule Upanga, nilikuwa namfulia, na familia yake ilikuwa inahama nchi. Aliniambia, "Mama, cherehani hii sitaki auziwe dalali. Nakuuzia wewe, wewe unaijua." Cherehani ya miguu, Somoe, haina kasoro hata moja. Nilishaona mahali pa kuiweka, pale barazani karibu na dirisha. Nilishapata hata mteja wa kwanza wa mapazia.

Jioni ile baba yako akaja na habari zake. Kuna mtu wa ofisini kwao anauza sarafu za ukumbusho, zile zinazotolewa mara moja hazitolewi tena, zina picha za wanyama, ziko kwenye maboksi yamefungwa nailoni na kubandikwa muhuri. Ulaya watu wanazikusanya. Wanazikusanya zikiwa zimefungwa, ukifungua tu thamani inaporomoka. Tukikaa nayo miaka michache, cherehani tutanunua tatu.

Sasa ngoja nikwambie kwa nini nilikubali, maana hapa ndipo ninapojikasirikia mwenyewe. Sikuelewa sarafu. Sikuelewa Ulaya. Lakini baba yako alinitazama akasema, "Si sawasawa na doti zako? Doti ikishakatwa na kupindwa, nani atakupa bei ya mpya?" Loo! Hapo nikaelewa kabisa. Mwanamke gani wa Kariakoo asingeelewa? Sote tuna sanduku chini ya kitanda, na ndani yake doti za khanga hazijakatwa, pande mbili zimeshikana kama zilivyotoka kiwandani, karatasi bado imebandikwa. Hiyo ndiyo akiba yetu. Mimi nilikuwa nazo saba. Nilikuwa natembea na khanga yenye viraka viwili matakoni, na sandukuni nina doti saba mpya nazinusa siku za Ijumaa. Basi mtu akiniambia kitu kilichofungwa kina thamani kuliko kilichofunguliwa, nabisha nini? Nikampa pesa ya upatu. Cherehani ikaenda kwa mtu wa Ilala.

Maboksi yakakaa juu ya kabati. Wewe ulikuwa unaruhusiwa kuyatazama Idi na Idi, ukiwa umenawa mikono. Unakumbuka? Baba yako akiyafuta vumbi kwa leso yake nyeupe. Mimi leso ile ndiyo niliyokuwa naifua.

Tuje sasa kwenye jambo ambalo hukuambiwa, kwa sababu ulikuwa mdogo na kwa sababu mimi sikuweza kulisema bila kupiga kitu.

Alikuja mtu toka Newala, kijana wa kwetu aliyeleta mzigo wa korosho. Akakaa pale barazani, akanywa maji, akasema, "Dada, mama hainuki kitandani. Anakutaja." Ilikuwa kabla tu ya masika. Wewe hujui barabara ya Kusini, umekulia lami. Mvua ikianza, Rufiji inafurika, magari yanasimama, na aliyeko huku anabaki huku. Nilikuwa na wiki chache tu. Na sikuweza kwenda kwa mama mgonjwa mikono mitupu, nauli ya kwenda nauli ya kurudi, dawa, sukari, kitu cha kuwapa wanaomuuguza.

Nikamwambia baba yako, "Uza boksi moja nikamwone mama."

Akasema, "Moja likitoka, mengine yanapoteza bei. Wanaoyataka wanayataka yote manne."

"Basi uza yote manne."

"Mama Somoe, subiri. Mwakani yatakuwa yamepanda. Utakwenda kwa raha, utabeba zawadi mpaka ushindwe."

"Mwakani mama yangu atakuwepo?"

Alikaa, akavua viatu, akavipanga, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Mbona wewe una doti saba sandukuni? Uza hizo."

Somoe, nilitamani nimrushie sufuria. Unajua kwa nini? Kwa sababu alisema kweli. Siku zile khanga zilikuwa hazionekani madukani. Ningesimama pale kona na doti zangu, zingekwisha kabla sijamaliza kuzitandika. Nauli ingepatikana siku ile ile. Sukari ingepatikana. Lakini mimi nikasema moyoni, kama yeye hauzi chake, na mimi siuzi changu. Pesa ya upatu ilikuwa yangu, cherehani ilikuwa yangu, mama ni wangu, halafu na khanga nazo ziwe zangu? Tuone nani atalegea kwanza. Nikanuna. Akanuna. Tukala wali kimya, wiki ya kwanza, wiki ya pili. Kila asubuhi naangalia mawingu, namwangalia yeye, naye anaangalia kabati. Mtu mzima na mtu mzima, kila mmoja kakalia boksi lake.

Mvua ikanyesha. Barabara ikafungwa.

Nilifika Newala baada ya masika, kwa nauli niliyokopa kwa shangazi yako huyo huyo uliyekwenda kumuaga leo. Katika zile doti nilikuwa nimemchagulia mama moja, nyekundu yenye maua ya korosho pembeni, nimeibeba na karatasi yake. Mama mdogo wako alinipokea njiani, hakunipeleka nyumbani. Alinipitisha nyuma ya mikorosho akanionyesha. Udongo ulikuwa umeshaota majani. Akaniambia, "Mlango ukigongwa tu, alikuwa anauliza, ni yeye?" Nikampa ile doti, nikamwambia vaa wewe. Akairudisha mikononi mwangu. Akasema, "Hii ya mama. Rudi nayo."

Nilirudi nayo.

Baba yako aliniomba radhi? Hakuniomba. Alinipokea mzigo, akaniwekea maji ya kuoga, na siku hiyo alipika yeye, chumvi ikazidi. Sikumsemesha mwezi mzima. Na maboksi hayakuuzwa mwaka uliofuata, wala uliofuata huo, kwa sababu kila mwaka ulikuwa na mwakani wake. Yule mtu wa ofisini alishahamishwa, hao watu wa Ulaya hakuna aliyewahi kumwona hata mmoja. Doti zangu sita nilizimaliza moja moja, kwa sare zako na mazishi ya baba yako. Ilibaki ile nyekundu tu.

Jambo moja nikwambie, nisije nikaonekana namchafua marehemu. Mwaka wake wa mwisho nilimkuta mchana mmoja amekaa kitandani, boksi moja mapajani, anatazama ile picha ya twiga kwenye kifuniko. Hakujua nipo mlangoni. Aliponiona akacheka kidogo, cheko la mtoto aliyefumwa. Akaniuliza, "Hivi ndani inang'aa kweli, au ni picha tu?"

Nikasema, "Fungua uone."

Akaligeuzageuza. Nilimwona anataka, wallahi alitaka. Halafu akasema, "Aa, tutaharibu bei," akalirudisha juu ya kabati.

Ndiyo maana leo asubuhi nilipoyakuta chini ya nguo zako sikuona maboksi. Nilikuona wewe na miaka ishirini mbele, umekaa kitandani Njombe au popote, unatetemeka kwa baridi, unafuta vumbi kwa leso. Nikasema hapana. Huyu simwachii.

Nikayatia kwenye kapu nikavuka Mnazi Mmoja mpaka kule Mchafukoge kwa Bwana Manilal, sonara. Ni mzee sana sasa, miwani yake minene, lakini mkono wake bado hautetemeki. Nikayapanga mezani kwake. Nikamuuliza, "Mzee, haya yana thamani gani?"

Akayatazama pande zote bila kugusa muhuri. Akasema, "Mama, fungua nione sarafu zikoje. Bila kuziona naweza kukupa bei gani?"

Nikasema, "Nikifungua zinashuka."

"Ndiyo, zinashuka."

"Na nisipofungua?"

"Usipofungua mimi sinunui. Nitajuaje kama ndani kuna sarafu au kuna misumari?"

"Basi thamani yake iko wapi, mzee?"

Akavua miwani, akaifuta, akasema taratibu, "Iko kwa mtu ambaye hayupo hapa." Halafu akaongeza kwamba yeye, zikifunguliwa, atanipa bei ya madini kwa uzito tu. Akanitajia. Somoe, haifiki hata gurudumu la ile cherehani. Nilicheka mpaka mwanawe akatoka chumba cha nyuma kuja kuona kuna nini. Sikuwa nacheka kwa furaha. Nilikuwa na hasira za kuvunja kioo cha watu, ndiyo maana nikacheka.

Nikarudi nayo yote manne. Nikakaa uani, kwenye kigoda, majirani wanachambua mboga. Na moja nikalifungua.

Ndiyo. Soma tena kama hujaamini. Usiniambie baba alisema ni yangu. Yalinunuliwa kwa upatu wangu, nimeyafulia leso miaka yote, moja nina haki nalo. Nailoni ilikuwa imekauka, ikachanika yenyewe. Muhuri ukabanduka bila hata kisu. Ndani kuna kitambaa cha buluu, na katikati imelala sarafu.

Inang'aa, mwanangu. Kweli inang'aa. Twiga amechorwa mpaka madoa yake unayahesabu, na mti anaoula una majani. Mama Chiku wa chumba cha pili akaacha mchicha wake akaja, akasema, "Ebo! Kitu kizuri hivi mlikuwa mnakificha wapi?" Nilikuwa nalia, tena kwa sauti, uani, mchana kweupe, mwanamke mzima. Baba yako alikuwa na kitu kizuri vile juu ya kabati lake, amekilipia kwa cherehani yangu na kwa mama yangu, na amekufa hajakiona. Nilimkasirikia kuliko siku ile ya mvua. Ningempata ningempiga, halafu ningemwekea mkononi aitazame.

Nikaingia ndani, nikatoa ile doti nyekundu ya bibi yako. Nikaikata. Nilisikia mkasi unavyokwenda na mwili ukanisisimka, lakini nikaikata mpaka mwisho. Nimeipinda kwa mkono, pande zote mbili, mishono imepinda kidogo kwa sababu macho yalikuwa na maji na kwa sababu cherehani sina. Nimeifua mara mbili wanga wote utoke. Imekauka sasa hivi, naikunja huku nakuandikia, niiweke ndani ya blanketi. Sasa hakuna mtu yeyote duniani atakayekupa bei ya mpya. Huwezi kuiuza, huwezi kuiweka. Itabidi uivae.

Katika pindo lake nimekufungia ile sarafu. Itoe kila unapotaka, ishike, waonyeshe wenzako, ikichafuka ifute kwa majivu. Ukikwama kabisa mpelekee sonara yeyote akupe cha kukupa, usisubiri.

Maboksi matatu yaliyobaki yako chini ya kitanda changu. Sijayagusa, ni yako kweli, baba yako alikwambia. Ukiyataka njoo uyachukue, na uje kabla ya masika. Usingoje mtu aje kukaa barazani kwako na kunywa maji akwambie mama hainuki.

Nasikia sauti yako nje, umerudi, unasalimia watu mlangoni. Nakuja kukupokea na uso mzuri, na wewe utanidanganya kwamba sanduku limekaa sawa, nami nitakubali. Hasira zako utazipata Njombe ukilifungua. Nikasirikie tu, hata mwaka mzima ukitaka, nimezoea watu wa nyumba hii kununa.

Ila nuna ukiwa umejifunika hilo blanketi.

Mama yako